Mbao Zilizonuka Hospitali

Wiki iliyopita fundi alikuja kumtengenezea jirani yangu meza ya jikoni. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Msumeno wake ulipoingia kwenye lile bamba gumu linalobandikwa juu ya meza, tunaloliita fomaika, harufu iliruka ukuta ikanifikia. Ni harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ya wodi, imechanganyika na sukari inayoungua. Niliziacha nguo kwenye beseni nikaenda kusimama getini kwa jirani kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Mama, unamtafuta mtu?" fundi akaniuliza.

"Sitafuti mtu. Nanusa."

Akacheka, akaendelea na kazi. Nilisimama pale mpaka alipomaliza kukata, na moyo ukinienda mbio vilevile ulivyokuwa ukienda mbio nilipokuwa binti wa kuvaa gauni la mtumba lililonizidi mabega.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia, wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka. Ghafla kila kitu kilikuwepo. Sokoni Tengeru zilimwagwa nguo za watu wa mbali, sabuni za rangi, sahani za plastiki zilizong'aa kama peremende. Na huku vitu vikijaa, viwanda vilivyokuwa vikivitengeneza mjini vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wazima walirudi nyumbani mchana wakiwa hawana la kusema. Sisi watoto tuliona tu rangi.

Nyumbani kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Meru, kwenye migomba na kahawa. Baba alikuwa mnoa visu. Alikuwa na baiskeli kuukuu aliyoisimamisha kwenye miguu ya chuma. Ukikanyaga pedeli, gurudumu la nyuma huzungusha mkanda, mkanda huzungusha ekseli fupi, na mwisho wa ekseli lipo jiwe la kunolea. Baba alitangulia. Mama akafuata kabla ya masika, baada ya kulala wodini muda mrefu, na kwa sababu ya kumuuguza nilikuwa nimeshaacha shule nikiwa darasa la sita. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Anaeli aliyekuwa na miguu mirefu na maneno mengi, na Nuru, kitinda mimba, ambaye alikuwa bado analala na kanga ya mama.

Siku ya kumaliza matanga, Baba Mkubwa, kaka wa baba anayekaa Kikatiti, alisimama mbele ya ndugu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema Anaeli atakwenda naye Kikatiti kumsaidia dukani. Nuru atachukuliwa na shangazi, kule upande wa Momela. Mimi nilikuwa nimeshatafutiwa mahali mjini, kwa familia ya wafanyabiashara, nikalee mtoto wao.

"Wakae pamoja mpaka Sikukuu ya Mavuno," akasema. "Mahindi yavunwe, nyumba ifungwe. Nyumba haiwezi kubaki na watoto peke yao."

Mimi nilijibu moyoni, na jibu langu lilikuwa kwamba haifungwi. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na ile baiskeli tu.

Kesho yake niliitoa nje, nikaupaka mkanda masizi ya taa usiteleze, nikamweka Anaeli kwenye pedeli. Mteja wa kwanza alikuwa Fundi Aloisi, seremala aliyetoka Kilimanjaro na kufungua karakana karibu na barabara ya Moshi. Baba alikuwa akimnolea randa na patasi zake zote.

"Binti, shikamoo yako nimeipokea," akasema, akiuweka mfuko wa vyuma chini. "Baba yako alikuachia jiwe. Alikuachia na mikono?"

"Niachie moja, fundi. Ukiona haikati, nyingine usiniachie."

Alirudi jioni akaikuta patasi imenyoa vinyweleo kwenye mkono wa Anaeli, maana Anaeli hakuweza kukaa bila kujaribu. Fundi Aloisi aliangalia kile kipara kwenye mkono wa kijana, akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo vyuma vyake vikaja. Vilikuja mno. Patasi niliyoinoa Jumatatu ilirudi Jumanne ikiwa butu kama kijiko.

"Fundi, unakata nini?" nikamuuliza. "Unakata mawe?"

"Heri mawe. Njoo uone."

Nyuma ya karakana yake palikuwa na lundo la mbao ambazo sikuwahi kuziona. Zilikuwa nene kama kidole cha mtu mzima, nzito, na usoni zilikuwa na rangi za kung'aa: nyekundu, kijani, na nyeupe ya maziwa. Ubavuni zilikuwa za kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Alisema karakana moja kubwa ya samani mjini, iliyokuwa ikitengeneza meza za maabara za shule, ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alikuwa anasafisha ghala. Masalio yote yalitupwa nje. Fundi Aloisi akayapakia kwenye gari la kukodi akiona amepata bahati.

"Nilidhani ni mali. Hayo ni mashetani. Msumeno mpya, nimepitisha mara mbili tu, meno yameisha kama ya bibi yangu. Chukueni mkaezekee banda la mbuzi. Mkishindwa, yachomeni, ila msisimame upande wa moshi."

Tuliyabeba kichwani, safari baada ya safari. Njiani nilikuwa nimeshajua kwamba sitaezekea banda. Nilikuwa kama mtu aliyeokota kitu na hataki kuulizwa. Tulipofika nilikaa chini na ubao mmoja magotini nikatafuta zile duara za umri ambazo mti wowote unazo. Sikuziona. Niliona mistari myembamba sana iliyolala moja juu ya nyingine, kama kurasa za Biblia iliyofungwa. Nikachukua tupa ya baba nikakwaruza ubavuni, na vumbi la kahawia lilipotoka, harufu ikatoka nalo.

Nuru alikuja mbio kutoka jikoni. Akanusa, akaangalia huku na huku.

"Mama amepita hapa?"

Ilikuwa harufu ya wodi ile ile. Sikujua kwamba ubao huo haukuwa mti hata kidogo, kwamba, kama ile fomaika ya jirani, ni karatasi zilizoloweshwa gundi fulani ya kiwandani na kukandamizwa kwa moto, na kwamba gundi hiyo na dawa ya kusafishia wodi ni ndugu wa ukoo mmoja. Niliyajua hayo nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilifikiri peke yangu nikapata maelezo yaliyoniridhisha kabisa. Muuguzi alikuwa akituambia kila tukienda kwamba dawa zimekwisha. Sasa nilikuwa nimejua zimekwenda wapi. Kuna watu walikuwa wamezilowesha kwenye mbao. Dawa yote ya mama ilikuwa mle ndani, imekaushwa, imefungiwa.

Ungedhani ningezichukia. Nilizipenda. Nuru alipopata homa niliweka kipande chini ya mto wake, na homa ilipopoa sikuhitaji ushahidi mwingine.

Wazo la kukereza, yaani kuchonga kitu kikiwa kinazunguka, lilikuja kwa sababu ya uvivu wa kufungua boliti ya jiwe. Nilitaka kutengeneza kishikio cha patasi iliyovunjika mpini, nikatoboa kipande katikati kwa msumari wa moto na kekee ya baba, nikakifunga upande wa pili wa ekseli, ule usiokuwa na jiwe. Upande mmoja jiwe, upande mwingine ubao, vyote vinazungushwa na miguu ya Anaeli. Nikafunga kanga yenye maji puani, maana lile vumbi lilikuwa linawasha koo hata sisi tulijua si la kuvuta, nikaegemeza patasi kwenye kigogo nilichokipigilia mbele.

"Kanyaga," nikamwambia.

Patasi ilipogusa, ubao ulilia sauti nyembamba, ukarusha unga wa kahawia mpaka kwenye nyusi zangu. Pembe zikaisha. Kikawa duara. Nilipoingiza ncha kidogo zaidi kwenye mteremko, zile kurasa zilizolala zikaanza kujitokeza, mstari mmoja wa kahawia iliyoiva, mmoja uliofifia, mmoja tena, mpaka kipande kizima kikawa na mawimbi kama ukiangalia sufuria ya maziwa inayokaribia kuchemka.

"Dada, kuna kitu kinatoka," Anaeli akasema, akisimama kwenye pedeli aone vizuri.

"Usiache kukanyaga."

"Mimi nakanyaga, wewe usiache kukata."

Nilikuwa nimeshaacha. Patasi ilikuwa imekufa. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonifanya nicheke peke yangu na vumbi mdomoni. Maseremala wote wa Tengeru wangeshindwa na ubao huu kwa sababu ulikula makali. Sisi tulikuwa watoto wa mnoa visu. Nilizunguka hatua moja, nikaiweka patasi kwenye jiwe la upande wa pili, Anaeli hata hakupumzika, cheche zikaruka kidogo, nikarudi kwenye ubao. Kata, noa, kata, noa. Ilikuwa kama kula na kunawa. Kufikia mchana tulikuwa na kitu cha duara kinachong'aa kama jiwe la mtoni, na Nuru akakichomeka kijiti chenye msumari katika tundu la katikati, kikawa pia ya kuchezea. Ilizunguka kwenye sakafu ya udongo mpaka tukachoka kuisubiri ianguke.

Tangu siku hiyo nilikuwa naamka kabla ya jogoo wa jirani kwa hamu tu. Tulitengeneza vikuku. Tulitengeneza vishikio vya makabati, na Fundi Aloisi alipoviona alivigeuza mikononi, kisha akasema nilete vingine. Chumvi ikapatikana, mafuta ya taa yakapatikana, Anaeli akapata kaptura ya shule isiyo na madirisha nyuma. Niliwaza rangi nikiwa nachota maji. Niliwaza jinsi ya kubandika nyekundu juu ya kijani juu ya nyeupe, halafu kahawia kati yake, nikereze zote kwa pamoja.

Baba Mkubwa alikuja kutuangalia mvua zilipopamba moto. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda akitazama tunavyofanya kazi. Mwisho akaokota kipande kibichi, kisichokerezwa.

"Huu ni mti gani?"

"Ni mbao ya dawa, Baba Mkubwa. Ya hospitali."

Akakitia kipande mfukoni mwa koti, akaaga. Nilijua amekwenda kukitupa jikoni kwa mkewe kikachomwe, kwamba amekichukua ili akacheke na watu wa Kikatiti juu ya watoto wa mdogo wake wanaocheza na takataka. Nililia kwa hasira. Anaeli akasema labda amekipenda tu. Nilimwambia anyamaze, yeye hajui watu wazima.

Mahindi yalianza kukauka shambani. Huko kwetu, Sikukuu ya Mavuno kila nyumba hupanda mbele kanisani, hadi madhabahuni, na kitu ilichovuna: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku, kahawa. Mzee wa kanisa hutaja nyumba kwa sauti, vitu huwekwa, na baada ya ibada hupigwa mnada nje. Mwaka ule mzee wa kanisa alikuwa ameshaniambia kwa upole kwamba tutapanda pamoja na Baba Mkubwa, ambaye alikuwa anakuja kutuchukua siku hiyo hiyo. Nikajua maana yake. Tukipanda nyuma yake, nyumba yetu haitatajwa, na nyumba isiyotajwa ni kama imeshafungwa. Tukipanda wenyewe, watu wote watakuwa wameiona.

"Tupande na nini?" Anaeli akauliza. "Ndizi zote zililiwa kwenye matanga, na mahindi atayapandisha Baba Mkubwa."

"Tupande na tulichovuna."

Niliamua tukereze bakuli, liwe kubwa kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya. Fundi Aloisi alinipa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, iliyokuwa imeanza kuingia madukani. Nilipanga mbao tano, rangi juu ya rangi, nikazibandika nikaziwekea juu mawe ya mafiga. Kisha nikabandika lundo hilo kwenye kipande cha mbao ya kawaida kilichofungwa kwenye ekseli. Anaeli akakanyaga. Mistari ikaanza kutoka, mizuri kiasi kwamba Nuru alipiga makofi, na mara ubao wa juu ukaruka kama sahani, ukapita juu ya kichwa cha Anaeli ukagonga bati la jiko. Ukafuata wa pili. Anaeli alikuwa amelala chini kifudifudi.

"Nimekufa?" akauliza kutoka mavumbini.

"Bado."

"Basi niambie ukimaliza."

Niliokota vile vipande. Gundi ilikuwa imebanduka yote, laini, haikushika popote. Zile sura zilizong'aa zilikuwa zimebaki safi kama kioo, na mimi nilikuwa nimejivunia kutozigusa. Sikutaka kuziharibu. Nilikaa nikizitazama, na wiki moja tu ilikuwa imebaki, na sikuona njia.

Anaeli ndiye aliyeiona. Alikuja akajipangusa magoti, akachukua ubao mmoja, akapitisha ukucha.

"Dada, hujakwaruza."

"Nikwaruze kitu kizuri hivi?"

"Baba akiziba pancha, anaanza na nini?"

Nilimwona baba pale pale, ameinama juu ya tyubu, anakwaruza mpira kwa tupa mpaka unakuwa na manyoya ndipo anapaka gundi. Kila mtoto aliyewahi kumiliki baiskeli anajua. Mimi niliyekuwa nashinda juu ya baiskeli nilikuwa nimesahau kwa sababu ya rangi nyekundu. Tulikaa watatu tukakwaruza sura zote, kila mtu na ubao wake, mpaka mng'ao wote ukaisha na zikawa mbaya kama magamba ya samaki. Tukabandika. Tukaweka mawe, na juu ya mawe akakaa Nuru akila muwa.

Safari hii lundo halikubanduka. Bado nasikia kwenye mikono jinsi patasi ilivyokuwa ikishuka ndani ya bakuli, ikipita nyekundu, ikiingia kahawia, ikitokea kwenye kijani. Ule mng'ao niliouogopea ulirudi wenyewe tulipolisugua kwa jani la msasa na mafuta ya nazi. Lilikuwa na duara za rangi kuanzia mdomoni hadi chini, na Nuru alisema linafanana na mtu aliyevaa soksi.

Siku ya Mavuno Baba Mkubwa alikaa benchi la mbele, na debe lake la mahindi miguuni, akitusubiri tukae nyuma yake. Nyumba zikaanza kutajwa. Zilipofika nyumba za ukoo wetu, kabla mzee wa kanisa hajafungua mdomo, nilisimama. Anaeli akasimama. Nuru akasimama juu ya benchi, nikamteremsha. Tukapita katikati ya kanisa, bakuli mikononi mwangu, na nilisikia minong'ono ikitutangulia. Mzee wa kanisa alimtazama Baba Mkubwa. Baba Mkubwa hakusogea. Mzee akakohoa, kisha akalitaja jina la baba yetu kwa sauti ya kawaida, nyumba ya fulani, kama alivyozitaja nyingine. Nililiweka bakuli kati ya ndizi na kuku aliyefungwa miguu, tukarudi kwenye benchi.

Nje, mwinjilisti aliyekuwa akiendesha mnada alilinyanyua juu.

"Hiki nacho kimevunwa wapi? Kinaliwa?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza ni mti gani. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo, "Ni mbao ya dawa. Mchwa hawaili." Wakacheka zaidi, na kijana mmoja akasema labda mchwa wa kwetu hawana njaa.

"Hawaili," Baba Mkubwa akasema.

Watu wakageuka. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa kipande cha ubao kilichoganda udongo mwekundu. Nilikijua.

"Nilikifukia kwenye kichuguu Kikatiti tangu masika. Mimi sijengi na mbao ambayo sijaipima hivyo, mnanijua. Pembeni niliweka vipande vya msonobari na mkangazi. Vyote vimekuwa unga." Akakipangusa kwa kidole gumba, kikang'aa. "Hiki kimetoka kama kilivyoingia."

Akakirudisha mfukoni. "Mnada uendelee."

Fundi Aloisi, ambaye ni Mkatoliki na hakuwa na shughuli pale, alikuwa wa kwanza kutaja bei, akisema anataka kujua makali yake yamekwenda wapi. Mwalimu mmoja akapandisha bei. Mama wa kwaya naye akapandisha. Kila mara ilipotulia, Baba Mkubwa alinyanyua fimbo kidogo tu, bila kuangalia mtu. Ilifika mahali Fundi Aloisi akakunja mikono akasema mzee huyu ana ugomvi na hela zake. Likawa la Baba Mkubwa.

Kwetu aliyenunua mnadani huweza kukitoa kitu zawadi hapo hapo. Wengi humpa mchungaji. Mwinjilisti akamuuliza limwendee nani.

"Lirudi kwenye nyumba lililotoka," akasema. Kisha akanitazama mimi, si ndugu, si wazee. "Binti yangu, wekeni chumvi yenu humo. Jumapili ijayo nitakuja kula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwenu. Nikikuta haijakolea nitasema."

Mtu hukaribishwa kula kwenye nyumba ya watu, si kwenye nyumba iliyofungwa. Hakuna aliyezungumza tena habari ya Momela wala ya mjini, na yeye alirudi Kikatiti jioni ile na debe tupu.

Tulipanda mlima watatu, Anaeli akiwa amelivaa bakuli kichwani kama kofia. Nyumbani nililiosha nikamimina chumvi yote tuliyokuwa nayo, ikafunika chini tu. Nuru alichungulia, akaingiza pua, akakunja uso.

"Baba Mkubwa atasema chakula kinanuka hospitali."

"Atasema," nikamwambia. "Washa moto."